Kwa nini besi haisikiki jukwaani: wati, omu na hewa inayosukumwa na spika

Chukua amplifaya ya wati 500, ichomeke kwenye kabineti yenye spika moja ya inchi 10, kisha piga uzi wa E. Hamishia waya kwenye kabineti yenye spika nane za inchi 10, nobu zote zikiwa palepale. Ya kwanza itaanza kukoroma kabla hujafika nusu ya volyumu. Ya pili utaisikia kifuani. Wati hazikuongezeka, kilichoongezeka ni eneo la koni (ile sehemu ya spika inayosogea) linalosukuma hewa. Wapiga besi wengi hununua kwa kusoma namba ya wati iliyoandikwa mbele ya amplifaya, halafu wanashangaa mpiga gitaa la solo mwenye wati 50 anawafunika. Makala haya yanaanzia upande wa pili, kwenye spika, kwa sababu huko ndiko besi inakofia.

Safari ya koni

Uzi wa E ulio huru kwenye besi ya nyuzi nne hutetemeka mara 41 kwa sekunde, yaani 41 Hz. Uzi wa B wa besi ya nyuzi tano hushuka hadi 31 Hz. Ili spika itoe sauti ya nguvu ileile kwa noti iliyo oktava moja chini, koni yake inapaswa kusafiri umbali mara nne. Noti ya 82 Hz inayoifanya koni isogee milimita 2 itadai milimita 8 ukiipiga oktava chini, kwenye 41 Hz. Spika nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya besi zina nafasi ya takriban milimita 4 hadi 6 kwenda mbele, na kiasi hichohicho kurudi nyuma, kabla koili, ule waya uliosokotwa nyuma ya koni, haijatoka kwenye eneo lenye nguvu ya sumaku. Hesabu inagoma hapo. Amplifaya bado ina wati za kutoa, lakini koni haina pa kwenda.

Spika za gitaa la kawaida zina nafasi ndogo zaidi, nyingi milimita moja hivi. Ndiyo maana amplifaya ya gitaa inaweza kukuvumilia ukifanya mazoezi ya chini chini chumbani, lakini ukiongeza volyumu koni huchanika au koili huanza kukwaruza.

Dawa ya safari fupi ni eneo kubwa. Spika moja ya inchi 10 ina eneo la koni la sentimita za mraba 350 hivi. Ya inchi 15 ina kama 850. Nne za inchi 10 zinakupa 1,400, zaidi ya mara moja na nusu ya ile moja ya inchi 15. Kwa hiyo ule msemo kwamba "inchi 15 ndiyo yenye besi" si wa kutegemea. Kabineti ya 15 inaweza kuwa na besi nene kuliko ya 10, na inaweza isiwe nayo. Inategemea boksi limepigiwa hesabu gani na spika yenyewe imetengenezwaje.

Kinachotuokoa ni sikio. Noti ya E ya chini haibebwi na 41 Hz peke yake. Ndani yake mna 82, 123, 165 na kuendelea, na mara nyingi ile 82 Hz ina nguvu kuliko 41 yenyewe. Sikio likizisikia hizo za juu, linaijaza ya chini lenyewe. Kabineti maarufu ya Ampeg yenye spika nane za inchi 10, iliyotoka pamoja na amplifaya ya SVT ya wati 300, inayotumia valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti), mwaka 1969, huanza kupungua nguvu karibu na 60 Hz. Haifiki 41 Hz kwa nguvu kamili, na bado watu huitaja kama kipimo cha besi nzito. Uzito wanaousikia unatoka kwenye masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya 80 hadi 250 Hz, yaliyojaa na yasiyopasuka.

Kusoma namba za kabineti

Ukisimama mbele ya kabineti, usianze na wati inazoweza kubeba. Anza na unyeti: desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi inatoa ikilishwa wati 1 na kupimwa umbali wa mita 1. Kuongeza wati maradufu hukupa desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio linalitambua bila kushtuka. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili unahitaji desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Sasa linganisha: kabineti yenye unyeti wa desibeli 100 ikipewa wati 100 inalingana na kabineti ya desibeli 94 iliyopewa wati 400. Tofauti hiyo ya desibeli 6, iliyoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya boksi, ina thamani kuliko kubadilisha amplifaya.

Tahadhari: unyeti hupimwa kwenye masafa ya kati, si kwenye besi ya chini. Linganisha kabineti za ukubwa unaokaribiana, la sivyo namba zitakudanganya.

Kuna sheria ambayo watengenezaji wote wanaiinamia, inayoitwa kanuni ya chuma ya Hofmann. Boksi dogo, besi inayoshuka chini sana, na sauti kubwa kwa wati chache: chagua viwili, cha tatu utakikosa. Ukiona kabineti ndogo inayoahidi vyote, uliza unyeti wake. Mara nyingi utakuta mtengenezaji alikiacha hicho, na kabineti inakula wati nyingi bila kutoa sauti ya kutosha.

Kisha angalia kama boksi lina tundu la hewa. Boksi lililozibwa huishika koni kama mto wa hewa. Besi hupungua taratibu kadiri unavyoshuka, na koni ina ulinzi. Boksi lenye tundu huongeza nguvu kwenye masafa ambayo tundu limepimiwa, mara nyingi kati ya 40 na 55 Hz, na kwenye masafa hayo koni yenyewe husogea kidogo sana kwa sababu hewa ya tundu ndiyo inayofanya kazi. Ila chini ya hapo mambo hugeuka. Tundu haliishiki tena hewa, koni inabaki bila breki, inapiga mbele na nyuma huku sauti haipo. Mwenye besi ya nyuzi tano na kabineti yenye tundu la 50 Hz yuko kwenye hatari hiyo kila anapopiga B huru kwa nguvu. Kichujio kinachokata masafa ya chini ya 35 au 40 Hz kinamaliza tatizo hili karibu lote. Baadhi ya amplifaya zinacho ndani. Kama yako haina, kipo cha kanyagio. Kwa maoni yetu ni kifaa ambacho mpiga besi angekinunua mapema kuliko kanyagio jingine lolote.

Omu, mahali watu wanapounguza amplifaya

Impidansi, inayopimwa kwa omu, ni jinsi kabineti inavyoukinza mkondo wa umeme. Kabineti nyingi za besi ni za omu 8 au 4. Ukiunganisha mbili, karibu kila mara zinakuwa sambamba, yaani kila moja inapata umeme wa amplifaya moja kwa moja, hata kama umetoa waya kwenye kabineti ya kwanza kwenda ya pili. Matundu mawili ya nyuma ya kabineti yameunganishwa pamoja kwa ndani, na hata matundu mawili ya spika nyuma ya amplifaya mara nyingi ni tundu lilelile mara mbili. Kuchomeka kwa mtindo mmoja au mwingine hakubadilishi hesabu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mbili za omu 8 ni omu 4. Mbili za omu 4 ni omu 2. Moja ya 8 na moja ya 4 ni omu 2.67. Sasa soma nyuma ya amplifaya: imeandikwa omu ya chini kabisa inayokubalika, mara nyingi 4, wakati mwingine 2.67 au 2. Usishuke chini ya hapo.

Tazama sababu kwa namba. Amplifaya ya transista inayotoa wati 500 kwenye omu 4 inasukuma volti 45 hivi na mkondo wa ampea 11. Ukiiwekea omu 2, volti zilezile zitataka ampea 22. Kama ugavi wake wa umeme na transista zake hazikuandaliwa kwa hilo, ulinzi wa ndani utaizima katikati ya wimbo, na ukiwa na bahati mbaya transista za mwisho zitaungua. Upande wa juu hakuna hatari: amplifaya hiyohiyo kwenye omu 8 itatoa wati kidogo, karibu nusu ya zile za omu 4 au zaidi kidogo, na itafanya kazi ikiwa baridi.

Amplifaya ya valvu ina sheria nyingine. Ina transfoma ya kutokea, na swichi au tundu la spika linapaswa kulingana na kabineti: 8 kwa 8, 4 kwa 4. Na kamwe isiwashwe ikapigwa bila spika. Nguvu ikikosa pa kwenda, volti hupanda ndani ya transfoma hadi cheche ziruke, na transfoma ya kutokea ni miongoni mwa sehemu za gharama kubwa kuliko zote ndani ya boksi hilo. Amplifaya za transista nyingi hazidhuriki zikikosa spika.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kosa linalopendwa sana: kabineti ya 4x10 ya omu 8 chini, na juu yake 1x15 ya omu 8. Kwa macho inapendeza. Kwa umeme, kila kabineti inachukua nusu ya wati kwa sababu omu zinalingana. Amplifaya ikitoa wati 400, zile spika nne za inchi 10 zinagawana 200, kila moja 50. Ile moja ya inchi 15 inabeba 200 peke yake. Itakuwa ya kwanza kukoroma, na kikomo cha mpango mzima kinakuwa kikomo chake. Isitoshe, spika za aina mbili hazisogei pamoja kwenye masafa yote. Kuna noti zitakazoongezewa nguvu na nyingine zitakazofutana. Kabineti mbili zinazofanana hazina mgogoro huo, na ukiongeza ya pili kwenye amplifaya ya transista unaweza kupata hadi desibeli 6: tatu kwa sababu eneo limekuwa maradufu, tatu kwa sababu omu imeshuka nusu na wati zimepanda.

Kwa mpiga besi anayeanza kujenga mitambo yake, ushauri wetu ni kabineti moja ya 2x10 ya omu 8, kisha ya pili ileile baadaye. Moja inatosha mazoezini. Mbili zikisimamishwa wima, moja juu ya nyingine, zinakufikisha omu 4 na kuleta spika ya juu karibu na masikio yako. Epuka kununua ya kwanza ikiwa ya omu 4 kama kikomo cha amplifaya ni omu 4. Umefunga mlango wa kuongeza ya pili. Kombo, yaani amplifaya na spika ndani ya boksi moja, nazo zina mtego huu: soma kama spika ya ndani ni ya omu 8 na kama kuna tundu la kabineti ya nje.

Kuhusu waya, usifanye mzaha. Waya wa gitaa na waya wa spika unaweza kuwa na plagi inayofanana kabisa, lakini wa gitaa una uzi mwembamba wa kati uliozungushiwa wavu, na haukuumbwa kubeba ampea 11. Unapata moto, unakula nguvu, na ukiyeyuka ndani unapiga shoti. Waya wa spika una nyuzi mbili nene zinazolingana: milimita za mraba 1.5 zinatosha kwa mita mbili tatu, 2.5 kwa umbali mrefu. Kama vifaa vyako vina tundu la Speakon, lile lililotengenezwa kwa ajili ya waya wa spika, litumie. Linajifunga kwa kuzungushwa, na halipigi shoti unapolichomoa kama inavyoweza kutokea kwa plagi ya jeki.

Kuipanga sauti

Geni, yaani nobu ya nguvu ya ishara inayoingia, kwanza; volyumu baadaye. Weka volyumu kuu sifuri, piga kwa nguvu kuliko utakavyopiga jukwaani, pandisha geni hadi taa inayoonya kuwa sauti inapasuka iwake kidogo, kisha rudisha nyuma kiasi. Kama besi yako ina betri ndani na amplifaya ina swichi ya kupunguza ishara, ibonyeze. Ndipo upandishe volyumu kuu. Na kabla hujailaumu amplifaya kwa sauti inayopasuka, badilisha betri ya besi. Betri ya volti 9 iliyochoka inatoa mpasuko unaofanana sana na wa spika.

Nobu za besi, kati na trebo zianze katikati. Kishawishi ni kupandisha besi na trebo na kushusha ya kati. Ukiwa peke yako chumbani inasikika tamu. Ngoma na magitaa yakiingia, besi inatoweka, kwa sababu ile uliyoipandisha chini imemezwa na ngoma kubwa na ile uliyoipandisha juu imemezwa na sahani za ngoma (matoazi). Besi hujitambulisha kati ya 400 na 800 Hz. Hapo ndipo sikio linapojua ni noti gani. Ukungu, ile hali ya besi kuvuma bila kueleweka, hukaa karibu na 200 hadi 300 Hz. Kwa hiyo, besi isiposikika, ongeza kidogo ya kati kabla hujagusa kitu kingine.

Kuongeza desibeli 6 kwenye 40 Hz kunataka wati mara nne kwenye masafa hayo na kuifanya koni isafiri mara mbili. Kwa hiyo koni ikianza kugonga, mlio mkavu wa "ka! ka!" kila unapopiga noti nzito, shusha nobu ya besi kwanza. Mara nyingi utakuta volyumu haikuhitaji kuguswa.

Boksi likiwa sakafuni karibu na ukuta, besi huongezeka. Kwenye kona, zaidi. Likivuma sana, livute mbele au liinue juu ya kitu imara. Kuinua kunakusaidia pia kujisikia, maana masafa ya kati yanaelekea mbele kama tochi na spika iliyoko kwenye magoti inayapeleka magotini.

Fundi mitambo akitaka kuchukua sauti kwenye tundu la DI, linalopeleka ishara ya besi moja kwa moja kwenye mitambo yake, mpe iliyo kabla ya nobu zako za sauti kama swichi ipo, ili marekebisho unayofanya jukwaani yasimvurugie. Mlio wa "mmm" ukitokea baada ya kuunganishwa naye, bonyeza swichi ya kukata athi (muunganisho wa ardhi) ya waya huo wa DI. Usikate kamwe pini ya athi kwenye plagi ya umeme. Hiyo ndiyo inayokulinda usishikwe na umeme kupitia nyuzi za besi.

Kinachoharibika na namna ya kukigundua

Spika hufa vifo viwili. Kwanza, joto: wastani wa nguvu ukiwa mkubwa kwa muda mrefu, koili huungua na kutoa harufu ya vanishi. Sauti inayopasuka bila kikomo huharakisha hili, maana wimbi lililokatwa mraba linaweza kubeba hadi mara mbili ya nguvu ya wimbi laini lenye kilele kilekile. Pili, mwendo: koni imesafiri kupita uwezo wake na koili imepinda. Amplifaya ikiwa imezimwa, weka vidole vya mikono miwili pande mbili za koni na uisukume polepole, sawasawa. Inapaswa kwenda na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo kama wa karatasi juu ya msasa, koili imegusa sumaku.

Multimita inakwambia mengi bila kufungua boksi. Chomeka waya wa spika kwenye kabineti peke yake na upime ukinzani kwenye ncha nyingine. Kabineti ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7, ya omu 4 husoma karibu 3 hadi 3.5, namba hizi kuwa chini ni kawaida. Kabineti ya 4x10 ya omu 8 hufungwa mara nyingi kwa jozi mbili za mfululizo (umeme unapita spika moja ndipo uingie ya pili) zilizowekwa sambamba. Ikisoma 12 hivi badala ya 6, spika moja imekatika na mwenzake wa mfululizo amenyamaza naye. Mbili hazilii, na kwa kuwa zile mbili nyingine bado zinatoa sauti, watu huipiga kabineti hiyo miezi kadhaa wakidhani imechoka tu.

Ukibadilisha spika, hakikisha zote zinasukuma upande mmoja. Gusisha betri ya volti 9 kwenye ncha za waya kwa sekunde moja: koni zote ziruke mbele pamoja, au nyuma pamoja. Moja ikienda kinyume, itafuta besi ya wenzake.

Mkoromo mwingi hautoki kwenye spika. Skrubu iliyolegea, wavu wa mbele, mpini, hata kifuniko cha tundu la waya kinachovujisha hewa. Pandisha noti moja moja taratibu hadi mkoromo utokee, kisha bonyeza kila sehemu kwa kiganja hadi unyamaze. Kaza skrubu za spika kwa mkono, kwa mpangilio wa msalaba, bila nguvu nyingi. Zikizidi zinapinda fremu au zinakula mbao.

Sauti ikikatika katika, au ikishuka ghafla na kurudi ukigonga amplifaya, chomeka waya mfupi kati ya matundu ya kutoa na kurudisha athari (Send na Return) nyuma yake. Sauti ikitulia, tatizo ni kigusio kilichopata kutu ndani ya tundu la kurudisha. Puliza kisafisha vigusio na uchomeke plagi ndani na nje mara kumi. Nobu zinazochakacha zinatibiwa vivyo hivyo: puliza, zungusha mwanzo hadi mwisho mara ishirini. Usitumie mafuta ya kawaida, yanavuta vumbi.

Amplifaya ndogo za kisasa za daraja D, zile za kilo mbili tatu zenye wati mia tano, zinategemea feni na matundu yake. Futa vumbi kwa brashi laini, ukilishikilia panga la feni lisizunguke, na usiziwekee kitambaa au begi juu wakati zinafanya kazi. Za valvu ziache zipoe kabla ya kuzibeba, kwa sababu valvu yenye moto haipendi kugongwa. Valvu ndogo za mbele unaweza kuzijaribu kwa kuzigonga kidogo na penseli ya mbao. Itakayolia kama kengele kwenye spika ndiyo ya kubadilisha. Zile kubwa za nguvu hubadilishwa kwa seti iliyolinganishwa na kupimwa upya, na hiyo ni kazi ya fundi. Kapasita za ndani hubaki na mamia ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani.